Jinsi ya Kutafuta Chanzo cha Mvumo Ndani ya Kompyuta ya Mezani

Mteja anapoleta kompyuta ya mezani inayovuma, kwa kawaida huwa ameshakata shauri kwamba feni imekufa, na anachotaka ni bei ya feni nyingine tu. Mara nyingi chanzo huwa ni feni kweli, ingawa huenda siyo ile anayoishuku. Mara nyingine feni zote huwa nzima na mvumo unatoka kwenye diski, kwenye pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), au kwenye kifaa kilicho nje ya kompyuta kabisa. Kasha la kompyuta ni bati jembamba lenye uwazi ndani, kwa hiyo mtetemo unaoanzia kona moja husafiri na kusikika kwa nguvu zaidi kwenye kona nyingine. Ndiyo sababu mwongozo huu hauanzi kwa kutega sikio ili kujua sauti inatoka wapi. Unaanza kwa kuuliza ni jambo gani linaloibadilisha sauti hiyo, kisha unaondoa washukiwa mmoja baada ya mwingine.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: bisibisi ya nyota, tochi, brashi laini ya kupakia rangi, na karatasi ngumu iliyoviringishwa kuwa bomba la kusikilizia. Simu ya Android yenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti (idadi ya mitetemo kwa sekunde), kwa mfano Spectroid, itakusaidia sana, ingawa kazi inaweza kufanyika bila hiyo.

Hatua ya 1: Andika tabia ya mvumo kabla ya kufungua chochote

Washa kompyuta ikiwa imepoa na usikilize tangu sekunde ya kwanza. Mvumo au mkwaruzo unaosikika wakati wa kuwasha asubuhi na kutulia baada ya dakika chache ni dalili ya feni ambayo beringi yake (sehemu inayoshika mhimili unaozunguka) imekauka, kwa kuwa mafuta machache yaliyobaki hulainika yanapopata joto. Sauti inayokuja mashine inapofanya kazi nzito, kisha ikapungua taratibu baada ya kazi kwisha, huelekeza pia kwenye feni, kwa sababu feni hufuata joto na joto halishuki ghafla. Lakini sauti inayoanza na kukoma papo hapo, mathalani unapofungua mchezo au unaposogeza ukurasa kwa kipanya, haiwezi kuwa ya feni. Hiyo ni ya koili za umeme (waya uliozungushwa mara nyingi), nasi tutazifikia.

Ingia pia kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows, na ukae humo kwa dakika kadhaa. Ikiwa mvumo upo hata humo, ambapo Windows haijaanza na hakuna faili linalosomwa, basi programu zako hazihusiki.

Hatua ya 2: Ondoa vifaa vya nje kwenye orodha ya washukiwa

Chomoa waya wa spika. Inashangaza ni kompyuta ngapi zinazofunguliwa bure wakati mvumo unatoka kwenye spika zilizowekwa kando ya kasha. Spika zikivuma, na mvumo ukibadilika unaposogeza kipanya, tatizo huwa ni kelele ya umeme inayoingia kwenye waya wa sauti, hasa katika nyumba ambazo soketi zake zina tundu la ethi (waya unaokwenda ardhini) lakini nyuma ya ukuta waya wenyewe haujaunganishwa. Kazi hiyo ni ya fundi umeme.

Baada ya spika, angalia stabilaiza na UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika). Stabilaiza ina transfoma, na transfoma huvuma kwa asili yake; isogeze mbali na meza ya bati na usikilize tena. UPS ina hila yake. Nyingi za bei nafuu, zinapotumia betri, hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini ya umeme wa gridi, na pawa saplai nyingi za kisasa huunguruma zinapolishwa umeme wa namna hiyo. Kama mvumo huja umeme ukikatika tu na kukoma umeme ukirudi, umekwisha kupata jibu bila kushika bisibisi.

Hatua ya 3: Zima kompyuta bila kuchomoa waya wa umeme

Jaribio hili huchukua muda mfupi, nami hulithamini kuliko mengine yote. Kompyuta ikizimwa kwa njia ya kawaida, feni zote husimama na diski zote husimama, lakini pawa saplai huendelea kutoa volti 5 za kusubiri mradi waya uko kwenye soketi. Weka bomba la karatasi sikioni na uelekeze upande wa pili nyuma ya pawa saplai. Ukisikia mvumo au mluzi mwembamba wakati hakuna kinachozunguka, nenda moja kwa moja kwenye Hatua ya 8. Ukimya hapa hauondoi lawama kwa pawa saplai, maana mzigo wake sasa ni mdogo mno, lakini mvumo hapa unaithibitisha.

Hatua ya 4: Kandamiza kasha kwa mikono

Kompyuta ikiwa imewashwa, kandamiza kwa kiganja kifuniko cha pembeni, kisha cha juu, kisha uso wa mbele, kimoja kimoja. Mvumo ukikatika chini ya kiganja, bati hilo linacheza. Kaza skrubu zake, rudisha zile zilizopotea, na hakikisha miguu yote minne ya mpira ipo. Lakini usiridhike haraka: bati halitetemi lenyewe, bali linatetemeshwa, na kipande cha sponji kinachobandikwa kwenye kifuniko kinaweza kuficha diski inayoelekea kufa. Endelea na hatua zinazofuata hata kama kelele imepungua.

Hatua ya 5: Fungua na uangalie kwa macho

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa sehemu ya chuma ya kasha isiyopakwa rangi kabla ya kushika kitu kingine ili kuondoa chaji tuli mwilini.

Mulika tochi na utafute waya unaogusa mapanga ya feni, lebo iliyobanduka, au utando wa buibui wenye takataka. Waya unaoguswa na panga hutoa mvumo wa kukereketa wenye mpigo sawasawa, na dawa yake ni kifungio cha plastiki. Tazama pia kama kuna diski ya CD iliyosahaulika kwenye kisomeo chake, kwa sababu huzunguka kwa kasi kila mashine inapowashwa na kutikisa kasha zima. Katika miji ya pwani vumbi huchanganyika na unyevu wenye chumvi likawa kama tope kavu juu ya mapanga, nalo haliondoki kwa kupuliziwa tu. Lisugue kwa brashi. Ukitumia blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke, kwa kuwa upepo mkali huizungusha kupita kasi iliyotengenezewa na kuharibu beringi iliyokuwa nzima.

Hatua ya 6: Jaribu feni, moja baada ya nyingine

Kompyuta ikiwa bado haina umeme, zungusha kila feni kwa kidole. Feni nzima hujizungusha kwa ulaini kisha ikasimama taratibu. Iliyochoka husimama ghafla au hukwaruza. Shika kitovu chake na ukitikise kidogo kushoto na kulia: kikicheza sana, beringi imelika.

Sasa chomoa plagi ya feni ya kasha, ile ambayo kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) huandikwa SYS_FAN au CHA_FAN, kisha washa kompyuta kwa dakika moja na usikilize. Irudishe na uende kwa inayofuata, ukikumbuka kuzima na kuchomoa waya kila mara. Feni ya prosesa usiichomoe. Mashine nyingi hukataa kuwaka bila hiyo, na zinazokubali hupata joto upesi. Badala yake ingia BIOS, uiweke kwenye kasi ya juu kabisa, kisha uishushe. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja nayo, umeipata. Kamwe usiingize bisibisi au kalamu kwenye mapanga ili kusimamisha feni inayozunguka.

Hapa ndipo simu inapokuwa na faida, kwa sababu kila kinachozunguka kina masafa yake. Feni yenye mapanga 7 inayozunguka mara 1,200 kwa dakika huzunguka mara 20 kwa sekunde, na kwa hiyo mapanga yake hukata hewa kwa masafa ya 140 Hz, yaani mara 140 kwa sekunde. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutetema kwa 120 Hz, na ya mizunguko 5,400 kwa 90 Hz. Umeme wetu wa 50 Hz huzifanya transfoma na koili kubwa zivume kwa 100 Hz, mara mbili ya masafa yake, kwa kuwa chuma huvutwa mara mbili katika kila wimbi. Soma kasi ya feni kwenye BIOS au kwenye programu kama HWiNFO, piga hesabu, kisha linganisha na kilele unachokiona kwenye simu. Maikrofoni za simu nyingi ni dhaifu katika sauti nzito, hivyo tafuta pia vizidishi vya masafa hayo: 200 na 300 kwa umeme, 240 na 360 kwa diski.

Kuna mvumo mmoja unaowachanganya hata mafundi, nao ni ule unaopanda na kushuka polepole kama pumzi. Husababishwa na feni mbili, au diski mbili, zinazokaribiana kasi bila kulingana. Feni moja ikizunguka mara 1,200 na nyingine mara 1,230 kwa dakika, mitetemo yao hukutana na kuachana mara moja kila sekunde 2. Hakuna iliyoharibika. Badilisha kasi ya moja kwenye BIOS ili tofauti iwe kubwa, na mvumo utapotea.

Feni yenye beringi ya bushi iliyokauka unaweza kuifufua kwa muda: bandua lebo ya katikati, toa kizibo cha mpira ikiwa kipo, weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, kisha rudisha kila kitu. Mafuta ya kupikia huganda, na dawa za kupulizia za kulegeza kutu hukauka baada ya muda mfupi na kuiacha feni katika hali mbaya zaidi. Binafsi huweka mafuta ili mteja amalize wiki yake ya kazi, kisha hubadilisha feni, kwa sababu chuma kilicholika hakirudishwi na mafuta.

Hatua ya 7: Diski

Diski za SSD hazina sehemu inayozunguka, kwa hiyo ziruke. Kwa diski za sahani (HDD, zenye sahani zinazozunguka ndani), zima kompyuta, chomoa waya wa umeme wa diski na ule wa data, kisha washa na uingie BIOS. Mvumo ukiisha, diski ndiyo chanzo, lakini swali bado ni kama inaumwa au inatikisa tu kishikizo chake. Izime tena, itoe kwenye kishikizo, ilaze juu ya sponji huku nyaya zake zimeunganishwa, kisha washa bila kuisogeza wakati inazunguka. Ikiwa kimya juu ya sponji, ifunge kwa skrubu zenye vipete vya mpira.

Ikiendelea kunguruma, nakili kazi zako kwanza, kabla ya uchunguzi mwingine wowote. Baada ya hapo fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, na utazame mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu za diski zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi na zilizoshindikana. Thamani yoyote iliyo juu ya sifuri na inayoongezeka siku hadi siku inatosha kuistaafisha diski hiyo.

Hatua ya 8: Koili na pawa saplai

Mluzi wa koili hutoka kwenye kadi ya grafiki au kwenye mazabodi, na huja na kuondoka papo hapo kulingana na mzigo. Ufungue mchezo na ubaki kwenye menyu yake, ambako kadi huchora mamia ya picha kwa sekunde. Kisha weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Mluzi ukififia, ni koili. Haziharibu kitu, na simshauri mtu azimwagie gundi ili kuzinyamazisha kwenye kadi yenye dhamana.

Pawa saplai ina vyanzo viwili: feni yake na koili zake. Baadhi ya zile za zamani, hasa katika kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya kabla ya kufika huku, zina koili nzito ya chuma iliyofungwa kwenye kifuniko, nayo huvuma kwa 100 Hz kadiri mzigo unavyoongezeka. Kukaza skrubu za nje za kifuniko na zile zinazoishika kwenye kasha, waya ukiwa umechomolewa, hutuliza nyingi. Zaidi ya hapo usiende. Ndani yake kuna kapasita zinazoshikilia zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Harufu ya kuungua au mlio wa kutatarika ni sababu ya kuibadilisha siku hiyohiyo.

Kabla ya kununua nyingine, hesabu pini za plagi inayoingia kwenye mazabodi. Kompyuta za kawaida hutumia plagi ya pini 24, lakini nyingi za ofisi zilizo nyembamba hutumia plagi ya pini chache zaidi pamoja na umbo lake la pekee, na pawa saplai ya kawaida haitaingia wala kuunganika. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi.