Jinsi ya kufikisha shida ya maji ya mtaa wenu mpaka New York

Watu wakisikia sera za maji za dunia wanaona ni mambo ya wakubwa huko ofisi za UN Gigiri, Nairobi, lakini mimi nimekaa na vikundi vya mtaa miaka kadhaa na nawaambia kazi inaanzia kwa kioski cha maji, na mtungi wa lita 20 na simu yako.

Chagueni nyumba kama thelathini hivi. Mtu akitoka mlangoni na mtungi anza kuhesabu dakika, aende, apange laini, achote, arudi, ndio usimamishe. Usitoe muda wa laini jamani, hapo ndio wengi wanaharibu, kwa sababu WHO na UNICEF wanaopimia dunia nzima maji ya SDG 6, yaani lengo la UN la maji na usafi kwa wote, wanasema huduma ya msingi ni maji ya chanzo salama, kwenda na kurudi isizidi dakika 30 na laini ikiwa ndani. Ukisema tunateseka utapewa pole, ukisema dakika 50 umeongea kwa kipimo chao. Choo nacho uliza kinatumiwa na nyumba ngapi, maana hata kikiwa kisafi namna gani, nyumba mbili zikishea tayari kimeshuka chini ya kiwango hicho, sasa fikiria ploti ya milango kumi choo kimoja! Bei ya mtungi andikeni kila siku, hasa siku mifereji imekauka.

Kabla ya kupeleka popote wasomeeni wakazi wenyewe, wakikataa namba rudini mkapime tena. Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, walifanya hivyo na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, data ikaonyesha wanalipia maji ghali kuliko mitaa ya matajiri, na 2017 kaunti ikatangaza huko eneo maalum la mipango, yaani mtaa wa kupangwa upya kwa mpango wake wenyewe.

Kwa kaunti ombeni takwimu zao kwa maandishi, Katiba ya Kenya kifungu cha 35 inawaruhusu nyinyi kuomba na sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa kaunti siku 21 za kujibu. Mkae na nakala iliyopigwa muhuri tafadhali, sisi barua yetu ya kwanza ilipotelea kwa ofisi fulani na hatukuwa na kitu mkononi, tukaanza upya miezi mitatu baadaye, iliniuma sana.

Sasa New York, makao makuu ya UN. Kila Julai kuna nchi zinaripoti huko zilipofika na malengo ya SDG, Kenya ilienda 2017, 2020 na 2024, lakini ripoti inaandikwa miezi mingi kabla kwa hivyo ukingoja Julai umechelewa. Tafuteni mtandao wa mashirika ya kiraia kama SDGs Kenya Forum mapema, muwape ukurasa mmoja tu, namba juu, picha ya laini chini. Mkibomolewa au mkikatiwa maji, kuna mtaalamu maalum wa UN wa haki ya maji na usafi, kikundi chochote kinaweza kumwandikia, hata kama hakina kibali cha ECOSOC, lile baraza la UN linalosajili mashirika, na kuandika hakulipishwi chochote.

Halafu baada ya miezi sita rudini kwa nyumba zile zile, saa zile zile, mpime tena.