Somo: Kumpima muunda programu kwa kazi yenyewe

Matondoni fundi wa majahazi haulizwi majina ya mbao. Hupewa tezo na ubao, mwenye chombo akakaa kando akitazama. Sisi wa kompyuta hapa Lamu ndio tuliotekwa na vyeti. Mimi nilimwajiri kijana kwa ulimi wake mtamu. Miezi miwili ikapita, ukurasa wa wageni kuwekea nafasi za vyumba bado haujasimama.

Kwanza, kwa jaribio la mwombaji kazi chagua tatizo lililowahi kukusumbua ukalitatua. Langu ni hili: programu ndogo ya nyumba ya wageni, ujumbe wa malipo ya M-Pesa ukifika mara mbili, mgeni anaandikwa kalipa mara mbili. Mwombaji atafute sababu, arekebishe, athibitishe. Yupo atakayefuta rekodi ya pili akaaga. Yupo atakayeuliza namba ya muamala inahifadhiwa wapi, ili ujumbe ukirudi utambulikane. Mimi namtaka huyo. Ila usimpe kazi yako ambayo haijafanywa. Huko ni kumtumikisha bure.

Pili, jaribio lichukue muda wa saa mbili, zisizidi. Na mlipe.

Tatu, andika vigezo vya alama kabla hujaona kazi ya yeyote, na wote wapewe jaribio moja. Ficha majina, wasahihishe watu wawili. Bila hivyo utampendelea mtoto wa jirani, na wala hutajijua.

Nne, kaa naye nusu saa, abadilishe kitu katika msimbo wake, yaani maagizo ya programu aliyoyaandika, mbele yako.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Basi mahojiano tuyaache?

Jibu: Marahaba. Usiyaache. Mwaka 1998 watafiti wa ajira Schmidt na Hunter walikadiria uhusiano wa jaribio la kazi na utendaji kuwa 0.54, ambapo 1 ni ukamilifu. Mwaka 2022 Sackett na wenzake walipiga hesabu upya: jaribio likashuka hadi 0.33, mahojiano yenye maswali yaliyopangwa yakatangulia kwa 0.42. Miaka ya uzoefu ilipata 0.07, na ndiyo tunayoiandika juu kabisa ya tangazo! Fanya yote mawili.

Swali: Huku Pate stima ikikatika je?

Jibu: Hesabu saa za kazi, si za ukutani. Aandike mwenyewe alipoanza na alipokatizwa.

Swali: Na akitumia akili mnemba?

Jibu: Mwache, kazini pia ataitumia. Lakini hatua ya nne usiiruke. Asiyeelewa alichokileta hukwama hapo, tena mapema.