SOMO: Kupiga msuli wa kidato cha nne daftari likiwa limefungwa

Wadogo zangu, Novemba haiko mbali. Najua mnasoma sana, ila wengi mnasoma kwa macho tu: daftari liko wazi, kalamu ya rangi inapita kila mstari, na ukurasa ukishakuwa wa njano mnajiona mmemaliza mada. Kwenye chumba cha mtihani utaandika bila daftari, kwa hiyo jizoeze hivyo tangu sasa.

Hatua ya 1. Chagua mada ndogo. "Leo nasoma Historia" ni kujidanganya. Sema "leo ni sababu za Vita vya Majimaji". Soma nusu saa hivi, kisha funga.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye kazi. Chukua karatasi tupu, andika kwa kalamu ya bluu unachokumbuka bila kuchungulia. Tuseme umeandika kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, Kinjekitile na maji yake, 1905 hadi 1907. Halafu umekwama. Usikimbilie daftari, tulia kidogo, mara nyingi kuna kitu kingine kitakuja. Ukishindwa kabisa, fungua, na kwa kalamu nyekundu ongeza ulichosahau, mfano ukatili wa maakida na majumbe. Hayo mekundu ndiyo ya kuanza nayo kesho. Ya bluu unayo tayari.

Hatua ya 3. Rudia kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kila mara karatasi mpya.

Hatua ya 4. Kwenye Hisabati, changanya. Ukipiga maswali ya logarithi mfululizo, mkono unajiendea wenyewe na kichwa kimelala. Weka logarithi, takwimu na vekta pamoja, ujifunze kutambua swali linataka njia ipi.

Hatua ya 5. Fanya mitihani iliyopita ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kwa saa. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa kama dakika 18 kwa swali la alama 10, na humo humo kuna kusoma swali na kupitia jibu. Kwenye kusahihisha, tahadhari na vitini vya majibu vya mtaani, vingine vina makosa ya aibu. NECTA huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ukiwa na mifano ya majibu mazuri na mabovu. Ni bure, na sijui kwa nini wanafunzi hawausomi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mimi naelewa kwa Kiswahili, ila kuandika kwa Kiingereza nakwama.*

Marahaba. Elewa kwa Kiswahili, hakuna ubaya. Ila ile karatasi ya hatua ya 2 iandike kwa Kiingereza, hata kibovu, kisha linganisha sentensi zako na za kitabu. Na swali likisema "explain", nukta tupu hazitoshi. Kila nukta ifuatwe na maelezo.

*Kukesha kunasaidia? Bwenini wenzangu wanalala saa tisa usiku.*

Waache. Ulichosoma kinakaa ukilala. Lala mapema, amka saa kumi alfajiri kama lazima.

*Nikipata C masomo yote saba ni daraja gani?*

C ni pointi 3, mara 7 ni 21. Daraja la pili linaanza 18 na kuishia 21, kwa hiyo umeingia kwa mlango wa nyuma. C moja ikishuka kuwa D unapata 22, hilo ni la tatu. Ikipanda kuwa B unapata 20, umepumua. Hesabu huchukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi.

*Kusoma na kundi je?*

Watatu au wanne, na kila mtu aje ameshajaza karatasi yake. Anayekuja mikono mitupu atageuza kikao kuwa cha stori za mpira.