Punda Amegoma Mbele ya Ngome: Kufundisha Kifaransa kwa Hadithi ya Picha na Sauti

Kwa darasa la wanafunzi 40 la hapa Lamu, simu 8 zinatosha: kundi la watu 5 kwa simu moja. Kila kundi litoe video moja ya Kifaransa: picha 6, sentensi 10 hadi 12 za kusomwa, dakika moja na nusu. Ikizidi hapo wanakariri bila kuelewa, na mwalimu hawahi kusahihisha.

Hatua ya 1: Hadithi. Simu zikae mezani kwako mpaka maandishi yakamilike. Chagueni kisa kidogo cha mjini, mathalani punda aliyegoma mbele ya Ngome.

Hatua ya 2: Nyakati. Hapa msiharakishe. Wanafunzi huchanganya imparfait (tendo lililokuwa likiendelea) na passé composé (tendo lililotokea likaisha), ilhali Kiswahili chao tayari kinazitenga. "Punda alikuwa akibeba mifuko ya simiti": l'âne portait des sacs de ciment. "Ghafla akasimama": soudain, il s'est arrêté. Waandike kisa kwa Kiswahili, wapigie mstari kila "alikuwa aki-", wazungushie duara kila "-li-" na "-ka-", ndipo watafute kitenzi cha Kifaransa: cha mstari kwa imparfait, cha duara kwa passé composé. Waonye kwamba kanuni hii ina mipaka: "alijua" kwa kawaida ni il savait, yaani imparfait, kwa sababu kujua ni hali. Kosa lingine la kila siku ni il a tombé kwa "alianguka". Tomber (kuanguka) na arriver (kufika) huchukua être (kuwa), si avoir (kuwa na): il est tombé.

Hatua ya 3: Matamshi. Les ânes husomwa kwa pumzi moja, "lezan". Wengi hukatia katikati. Rue (barabara) wakiitamka "ru", Mfaransa husikia roue, yaani gurudumu. Midomo iwe ya "u", ulimi uwe wa "i".

Hatua ya 4: Kurekodi. Epukeni ufukoni, upepo humeza sauti. Chumba kitupu cha nyumba ya mawe nacho kina mwangwi. Tandikeni mikeka na mtundike leso (kanga) mbili ukutani. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, la sivyo "p" na "b" zitapasuka. Kila sentensi iwe na faili lake, 01, 02, 03. Aliyekosea ya saba atarudia ya saba tu.

Hatua ya 5: Picha. Simu ilazwe kwa upande, picha iwe pana. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga uso wa mtu, na asiyetaka aachwe. Mikono au mchoro wa penseli hufaa vilevile.

Hatua ya 6: Kuunganisha. Tumieni programu ya video isiyohitaji intaneti. Pangeni sauti kwanza, kisha nyosheni kila picha ilingane nayo. Muziki uacheni, unafunika silabi za mwisho. Kisha andikeni kila sentensi chini ya picha yake. Ukibonyeza "e" bila kuachia, é na è hutokea. Alama hizi si mapambo: ou ni "au", où ni "wapi".

Hatua ya 7: Kutazama. Mara ya kwanza ficheni maandishi, muulize: Qui? Où? Pourquoi l'âne s'est-il arrêté? (Nani? Wapi? Kwa nini punda alisimama?) Kundi lililotengeneza hadithi linyamaze, wajibu wengine. Wakishindwa, chezeni tena maandishi yakionekana, na muandike ubaoni neno lililowapotea.