Maji ya lambo hadi kikombeni

Huku kwetu Chamwino, Dodoma, kiangazi kikikaza, maji ni ya lamboni au ya kufukua kwenye mchanga wa korongo. Ya korongo ni bora. Usichote shimo la jana, ng'ombe wameshalitembelea. Fukua jipya, mwaga maji ya kwanza, subiri yajae tena.

Ya lambo yana rangi ya chai ya maziwa, na hapo ndipo wengi wanaharakisha. Ukitia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye tope, nguvu yake inaishia kwenye tope. Mimi nayaacha yatulie usiku kucha. Yakikataa, natwanga mbegu kavu za mlonge zilizomenywa, unga nauvuruga kwenye maji kidogo, namimina ndooni, nakoroga taratibu na kuacha saa moja au mbili. Mlonge unashusha tope, hauui vijidudu vyote. Anayesema unatosha, aanze yeye kunywa. Kisha chuja kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne.

Sasa chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, dakika 1. Kuni zikikosekana, na huku zinakosekana kweli, jaza chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, ilaze juu ya bati juani kwa muda wa saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2 mfululizo.

Hifadhi kwenye dumu lenye mdomo mwembamba, umimine. Kata ya kuchotea isiingie humo.

Kisima kirefu ni habari nyingine. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa, lakini meno ya watoto yana madoa ya kahawia: shuku floraidi, madini yaliyoyeyuka majini. Kuchemsha hakuiondoi. Waone RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, maji yapimwe.