Kupiga Mbizi Ghuba ya Chole, Mafia: Fuata Maji, Si Saa

Ghuba ya Chole, upande wa mashariki wa kisiwa cha Mafia, inapigwa mbizi mwaka mzima. Visiwa vya Juani na Jibondo na miamba yake vinaikinga na mawimbi ya kusi, upepo wa kusini. Miamba iliyo nje ya ghuba subiri Oktoba, kusi ikishatulia, hadi Februari hivi. Miezi mingine mawimbi huko ni makubwa na kupanda chomboni kutoka majini ni hatari. Maelezo haya ni kwa mwenye cheti cha kwanza, kile cha mita 18.

Jambo la kwanza kujua si kina wala samaki, ni maji. Ghuba ni pana, lakini sehemu kubwa ya maji yake huingia na kutoka kupitia Mlango wa Kinasi. Yakijaa, yanaleta maji safi ya bahari kuu, na samaki wakubwa husogea mlangoni kuwinda. Yakipwa, yanabeba tope la mikoko na la maji ya kina kifupi, huoni mbali, na mkondo unakusukuma nje baharini. Kwa hiyo Kinasi unaingia maji yakijaa tu.

Kupata saa yake si vigumu. Bamvua, yaani maji makubwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu ni kama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Maji mafu, yaani kujaa na kupwa kudogo, huangukia karibu tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Siku za bamvua, pwani hii maji hujaa kwenye saa 10 jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu hujaa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na tofauti ni karibu mita moja tu. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hesabu hii ni ya kupanga safari. Siku yenyewe angalia jedwali la maji na msikilize nahodha.

Sasa gawa kujaa kwa maji katika sehemu 12. Saa ya kwanza inaingia sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Mkondo mkali uko katikati. Ukiwa mgeni wa mikondo, chagua asubuhi ya maji mafu na uingie kama saa moja na nusu kabla ya maji kujaa. Utasukumwa taratibu kuelekea ndani ya ghuba, na mbizi itaisha mkondo ukiwa umelegea. Siku za bamvua iache Kinasi kwa wazoefu, uende Milimani, tuta refu la matumbawe ndani ya ghuba.

Mkondo unakula hewa kuliko kina. Mtungi wa lita 11 uliojazwa ba 200 (ba ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,200 za hewa. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika juu ya maji; mita 18 chini, shinikizo ni mara 2.8, kwa hiyo lita 56. Ukiacha ba 50 za akiba, unapata dakika 29. Ukianza kupiga mapezi kushindana na mkondo, pumzi huweza kuongezeka maradufu, na dakika 29 zinakuwa 14. Usishindane nao. Kaa mita moja au mbili kutoka ukuta wa mwamba, ambako maji ni mapole, na ukitaka kusimama jifiche nyuma ya jiwe. Ukifika ba 80, anza kupanda na mwenzako, hata kama wengine bado wana hewa.

Uzito wa risasi unaovaa upime kabla. Hewa ya mtungi huo ina karibu kilo 2.5, kwa hiyo mwisho wa mbizi, ukibakiza ba 50, unakuwa mwepesi kwa karibu kilo 2. Anayejipima na mtungi uliojaa bila kuongeza chochote atashindwa kukaa mita 5 mwishoni, atapaa kama kizibo. Jipime na mtungi wenye ba 50: jaketi la kuelea likiwa tupu na pumzi ya kawaida kifuani, maji yafike usawa wa macho.

Kupanda: usizidi mita 9 kwa dakika, usizuie pumzi kamwe, kisha simama mita 5 kwa dakika 3. Hapo ndipo unapotoa boya la ishara, kwa kuwa mkondo umekupeleka mbali na chombo. Kosa la kawaida ni kulijaza huku kamba imejizungusha kwenye mkono au kipumulio. Boya linapaa na mtu wake. Shika gurudumu la kamba mbele yako, hakikisha kamba iko huru, tia pumzi moja, achia.

Penye mkondo Kinasi tazama kolekole na mizia wakielea juu, chewa wakubwa kwenye mapango, taa mchangani. Milimani nenda polepole: mkunga katika nyufa, kasa, pweza ambaye macho hukosea kumwona. Matumbawe mengi ya hapa yaliuawa na joto la bahari la 1998, na yaliyoota upya huvunjika kwa pezi moja. Ghuba imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya bahari Tanzania, iliyoanzishwa 1995, na inastahili miguu yenye adabu. Kushika mwamba pia kuna adhabu yake: bocho, samaki mwenye miiba ya sumu, hufanana kabisa na jiwe. Akikuchoma, toka majini, zamisha jeraha katika maji ya moto yanayovumilika, kama digrii 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu asiyeumia ayapime kwanza kwa mkono wake, kisha uende hospitali.

Potwe, papa wakubwa wenye madoa, hawako huku. Wako magharibi, mbele ya Kilindoni, na huonekana juu kati ya Oktoba na Machi wakifuata dagaa na uduvi. Vifaa vya kusikiliza vilivyowekwa baharini vilionyesha kuwa wengi hawahami Mafia miezi mingine, wanasogea tu mbali na ufuo na kushuka kwenye kina. Unaogelea nao kwa miwani na mrija, bila mtungi: ingia taratibu kwa ubavu wake, kaa mita 3 au zaidi, usimguse, usipige picha kwa mwanga.

Siku ya mwisho usipige mbizi kama una ndege. Baada ya mbizi za siku kadhaa subiri saa 18 kabla ya kuruka, hata kama ni ndege ndogo ya kwenda Dar es Salaam. Usipoweza kusubiri, boti ya Kilindoni hadi Nyamisati haikupandishi angani.