SOMO: Mkate wa mahindi wa kikaango cha chuma, kama wanavyoupika Kusini mwa Marekani (maswali yote hapa, siyo inboksi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tangu niweke picha ya chakula chetu cha Jumapili baada ya ibada, inboksi yangu haipumui. Maswali ni yaleyale: mbona wangu umegandia chini, mbona wangu umekuwa keki, mbona unamomonyoka kabla haujafika mdomoni. Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Nipo Tennessee mwaka wa tisa sasa, si mbali na Chattanooga. Mkate huu nilifundishwa na mama mmoja mjane wa kanisani kwetu. Kwake hakuna anayegusa kijiko kabla ya watu kushikana mikono kuzunguka meza na kuombea chakula, hata kama mezani kuna maharage matupu. Huku mkate wa mahindi ni kama ugali kwetu. Hakuna anayeusifia, lakini ukikosekana watu wanageuka kuutafuta.

Vipimo, kwa kikaango cha inchi 10 (sentimita 25): unga mweupe wa mahindi vikombe 2, beking pauda vijiko vya chai 2, magadi soda nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai, mayai 2, mtindi mwepesi kikombe 1 na nusu (ongeza kidogokidogo ukihitaji, usizidi vikombe 2), mafuta vijiko vikubwa 4. Wenyeji wanapenda mafuta yaliyotoka kwenye nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Wakenya, maziwa lala yanafaa kabisa.

1. Washa oveni nyuzi 230 (kwa vipimo vya Marekani ni 450). Kikaango kitupu kiwe ndani tangu mwanzo, kipate moto pamoja na oveni.

2. Changanya vikavu.

3. Piga mayai na mtindi, mimina kwenye unga, koroga. Rojo liwe kama uji mzito unaomiminika wenyewe. Likisimama kwenye mwiko, ongeza mtindi.

4. Hapa ndipo penyewe. Toa kikaango kikiwa cha moto kabisa, tia mafuta, zungusha mpaka yapande kingo. Mimina sehemu kubwa ya mafuta hayo ya moto ndani ya rojo, koroga haraka, kisha rojo lote lirudi kikaangoni. Lazima usikie CHWAAA. Usipoisikia, umeshaukosa mkate.

Nawaambia hivi kwa sababu yalinikuta. Jirani yetu alifiwa na mume, na desturi ya huku ni kwamba kabla jua halijazama, jikoni kwa mfiwa kunakuwa kumejaa vyungu vya watu wa kanisani. Nami nilikuwa nimeahidi mkate. Nilichelewa kutoka kazini, nikamimina rojo kwenye kikaango baridi ili niokoe muda. Ulipoiva nikapindua, nusu ikaanguka kwenye sahani, nusu ikabaki imeng'ang'ania chuma. Nilipeleka makombo msibani huku machozi yananilenga. Yule mama mjane wa kanisani kwetu hakusema neno. Alichukua bilauri ndefu, akajaza makombo, akamwagia mtindi baridi, akawagawia wazee vijiko. Wazee wale walikula kimya, mmoja akaomba ya pili. Kumbe ndicho chakula cha jioni walicholelewa nacho. Kesho yake yule mama akanifuata nyumbani na kikaango chake mwenyewe, akanionyesha.

Sababu ni hii: rojo likigusa chuma cha moto chenye mafuta, upande wa chini unaiva papo hapo na kufanya ukoko kabla haujapata nafasi ya kushikana na chuma. Chuma kikiwa baridi, rojo linakaa, linanyonya mafuta, linaganda.

Tahadhari, na msiziruke. Mpini wa kikaango hiki unachoma sawasawa na kikaango chenyewe. Nina alama kwenye kiganja cha kulia. Ukishakitoa ovenini, vika mpini kitambaa kinene na UKIACHE hapohapo, kwa sababu utasahau, na mtoto atakayekuja kuchungulia hajui. Kitambaa kiwe kikavu. Kikiwa kibichi joto linapita mara moja na mvuke unakuunguza. Wala rojo lisikae nusu saa linasubiri, maana nguvu ya soda inaisha.

5. Oka dakika 20 hadi 25, mpaka kingo ziachane na chuma na kijiti kitoke kikavu.

6. Pindua kwenye sahani mara moja, ukoko juu. Ukiuacha kikaangoni, mvuke unalainisha ukoko wote.

MASWALI

Kijana wa Sinza: Dada naomba vipimo.

Jibu: Vipo juu. Soma.

Mama Mapacha: Nimetumia bakuli la kioo, nikalipasha moto kama ulivyoelekeza, nilipomimina tu likapasuka. Ungetutahadharisha.

Jibu: Pole sana mama, na nashukuru kama hakuna aliyeumia. Lakini kichwa cha somo kinasema kikaango cha chuma, na vipimo vinasema kikaango. Kioo cha moto kikimwagiwa kitu baridi kinapasuka, sikuelekeza hivyo. Usiule huo mkate hata upande unaoonekana mzima, na pangusa oveni yote ikipoa.

Binti wa Moshi: Shikamoo dada. Naomba kujua, sembe letu linafaa? Au dona ndilo linalofanana zaidi na unga wa huko?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Unga wanaousifia wazee wa huku ni wa kusagwa kwa mawe, punje nzima na kiini chake, kwa hiyo dona ni ndugu yake wa karibu. Ladha yake inajaza mdomo. Sembe linafaa pia, ila ni laini na linanyonya, kwa hiyo ongeza mtindi taratibu mpaka rojo limiminike. Dona liwe jipya. Mafuta ya kiini huchacha, na dona la zamani litakupa mkate mchungu, kwa hiyo linuse kwanza. Mlio Marekani: msichukue ule unga mweupe kama poda wa kuzidishia mchuzi uzito, wala unga wa totila wa Wameksiko. Ule umepikwa na chokaa, hautakupa mkate huu.

Mjukuu wa Tarime: Hatuna oveni. Tuendelee kutamani picha?

Jibu: Hapana kaka, mkaa upo! Fanya kama keki ya mkaa. Pasha sufuria nzito na mafuta mpaka yawe ya moto kweli, mimina rojo, funika kwa mfuniko wa bati wenye mkaa juu, na chini punguza mkaa ubaki kidogo. Juu mwingi, chini kidogo. Huku nako walianza hivyohivyo, kabla ya oveni, kwa vyungu vya chuma vyenye mfuniko wa ukingo ulioinuka ili makaa yakae juu.

Msabato wa Musoma: Mimi nguruwe sigusi. Je, ladha itapotea?

Jibu: Haitapotea, mpendwa. Tumia samli, inavumilia moto mkali kuliko siagi. Na mboga za kuliwa na mkate, ukitaka ziwe na ladha ya ule moshi, tumia bawa au shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi. Watu wengi wa Kusini wanafanya hivyo. Wasabato wenzako huku si wageni pia: chuo chao cha Oakwood kipo Huntsville, Alabama, tangu 1896. Mwaka huohuo ndio kiwanda cha Lodge cha vikaango vya chuma kilianzishwa South Pittsburg, hapa Tennessee.

Mama Mapacha: Hujasema lolote kuhusu sukari. Niliula Georgia una sukari, na nilipopeleka wa kwangu wenye sukari nyingi mama mmoja akaniambia moyo wangu ubarikiwe. Nilifurahi sana.

Jibu: Mama, neno hilo huku lina sura mbili. Akikuambia umefiwa au unaumwa, ni baraka kweli. Akikuambia huku anaangalia mkate wako, anakuonea huruma kwa upole! Wengi hapa wanasema sukari inaufanya keki. Lakini kwenye meza nyingi za familia za Weusi sukari kidogo imo tangu bibi zao, na wana haki na mkate wao. Ukiipenda, weka kijiko kikubwa kimoja, usizidi, la sivyo ukoko unaungua kabla ndani hakujaiva.

Kijana wa Sinza: Nimesoma sasa. Unaliwa na nini?

Jibu: Asante kwa kusoma. Na sukuma wiki. Huku wanazipika polepole hata saa nzima na zaidi, na yale maji ya mboga hayamwagwi ng'o, mkate unachovywa humo. Mwaka 1931 Huey Long, gavana wa Louisiana wakati huo, alibishana na mhariri wa gazeti la Atlanta Constitution, je, mkate uchovywe au uvurugwe ndani ya maji hayo? Long alitaka kuchovya. Hata Franklin Roosevelt, wakati huo gavana wa New York na baadaye rais, akaingilia. Mimi nachovya.

Binti wa Moshi: Na kikaango kinaoshwaje?

Jibu: Maji ya moto na brashi kikiwa bado na uvuguvugu. Usikiloweke usiku kucha. Kausha juu ya moto, pakaa tone la mafuta, futa kama unataka kuyaondoa yote. Usichemshie nyanya humo muda mrefu, asidi inakula ule utando mweusi wa mafuta unaozuia chakula kugandia.

Msabato wa Musoma: Nimesikia mwaka mpya wanakula na kunde. Ni kweli?

Jibu: Kweli kabisa. Kunde, mboga za majani na mkate wa mahindi, tarehe 1 Januari. Kunde asili yake ni Afrika, na zilifika huku pamoja na watu wetu waliochukuliwa utumwani. Kanisani sisi tunatoka mkesha. Tarehe 31 Desemba 1862 Weusi walikesha makanisani wakisubiri tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa lianze kazi asubuhi yake, na makanisa yao mengi yanakesha mpaka leo. Kwa hiyo ukitaka kula kama sisi, loweka kunde kabla hujaondoka kwenda mkesha, ukirudi alfajiri ziinjike na kitunguu na jani la bay (bay leaf). Mkate uanze zikibakisha nusu saa.